Jozani wakati wa masika, mimi na mama

Jumamosi moja ya Aprili nilimpeleka mama kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani, Unguja. Kima punju, wale kima wekundu wanaofuatwa na wageni wengi, hawakumshughulisha. Alitaka kuuona msitu ukiwa umerowa na una maua. Nikalipia safari kwa wakala mmoja wa mjini: gari, mtembezaji, miavuli na buti za mpira. Gari lilichelewa saa nzima, mwavuli ulikuwa mmoja, buti hakuna. Mama ana miaka 68 na miguuni alikuwa na kandambili. Nilikasirika, na hadi leo sijaridhika na wakala yule.

Kilichonituliza ni kijana mtembezaji tuliyempata langoni. Alimwamkia mama shikamoo, akamtafutia buti na fimbo, akamwambia, "Bi mkubwa, leo mwendo ni wako." Na kweli hakutuharakisha hata mara moja.

Pale Jozani maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo masika vijia hugeuka vidimbwi. Chini ya miti ya mitondoo tulikuta maua meupe yenye kiini cha manjano yametapakaa kwenye matope, na mvua ndiyo kwanza imezidisha harufu yake. Mama aliokota moja, akataka kulifunga kwenye pindo la kanga. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba hifadhini hakichukuliwi kitu. Mama akalinusa sana, akalirudisha palepale, kisha akaanza kunisimulia vikuba vya ujana wake, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba wanawake: asumini, mrehani, na kilua akikipata. Sikuwahi kumsikia akiyasema hayo nyumbani. Kwenye mikindu tukasimama tena, safari hii mama akimfundisha kijana ukindu upi unafaa kwa ukili, ule utepe unaosukwa kufanya mkeka, na upi utakatika.

Kima tuliwaona, wamejikunyata matawini wakingoja mvua ipite. Basi.

Kule kwenye mikoko kuna njia ya mbao juu ya maji. Ikirowa inateleza, mshike mzee mkono. Lakini mfikishe, akaone vikombe vyekundu vya maua ya msinzi, aina mojawapo ya mkoko, vikidondosha maji.

Ushauri wangu: mwenyeji akienda mwenyewe langoni hulipa kiingilio cha wenyeji, na watembezaji wako hapohapo. Chukua kitambulisho, buti zako na nguo kavu za mzee. Mama ameshaniuliza tunarudi lini. Safari hii hatutaki wakala: tutapanda daladala ya Jambiani, inayopita Jozani.