Bar Keepers Friend kwenye enameli: inatoa nini na haitoi nini

Naona watu wanaisifia hii poda ya kusafishia, Bar Keepers Friend, utadhani inafuta kila kitu, sasa mimi nimeitumia sana kwenye sufuria, birika na sinki za enameli, acha niseme ukweli wake. Ni nzuri, tena nzuri haswa, ila sio kwa lile doa ambalo wengi wanainunulia, yaani ukoko wa chakula kilichoungua.

Kwanza tuelewane, enameli ni kioo jamani. Unga wa kioo umeyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuru la moto wa kama nyuzi 800, ndo maana inang'aa, na ndo maana ukiiparua na stilwaya au mchanga haiponi, ule mng'ao ukiondoka umeondoka na kuanzia hapo kila chai itakayopita itashika. Kwa hiyo kabla hujamwaga chochote angalia vizuri, doa limekaa juu ya kioo au ni kioo chenyewe kimekwaruzika? La kwanza linatoka. La pili hakuna poda ya kulitoa, usidanganywe.

Hapa ndo Bar Keepers Friend inaponifurahisha: ile mistari ya kijivu ndani ya sufuria nyeupe. Kila mtu anasema ni mikwaruzo, wengine wanatupa sufuria nzima! Mingi sio mikwaruzo, ni chuma cha kijiko kimejipaka juu ya kioo kama penseli kwenye karatasi. Hii poda ipo tangu 1882, ilianzia Indianapolis kule Marekani kama dawa ya kung'arisha metali, na kazi kubwa inafanywa na asidi ya oksaliki ambayo inaking'ang'ania chuma na kutu mpaka vinaachia na kuondoka na maji. Lowesha, nyunyiza kidogo, fanya uji mzito, sugua na sponji laini bila kukandamiza, suuza ndani ya dakika moja. Wenyewe wameandika hivyo kwenye kopo sasa sijui kwa nini watu wanaipaka wanaenda kulala. Ina chembe za kusugulia pia, laini ndio, lakini ukisugua kila siku kwa nguvu usishangae mng'ao ukipungua.

Kutu pale enameli ilipobanduka inatoka pia, ila itarudi tu, chuma kipo wazi pale. Na kama imebanduka kwa ndani hiyo sufuria usipikie tena, vipande vya kioo kwenye chakula sio mchezo.

Sasa ukoko. Wali ulioungua, maziwa, sosi iliyoshika chini, hapo unapoteza poda bure na mkono utauma. Weka maji na vijiko viwili vitatu vya bekingi soda, chemsha polepole, zima, acha ipoe YENYEWE halafu kwangua na mwiko wa mbao. Usimwage maji baridi kwenye sufuria ya moto, kioo na chuma havinywei sawa, kinapasuka. Yale mafuta yaliyogeuka kahawia kwa nje kama vanishi ni kazi ya subira, bekingi soda tena na tena, na mengine mimi nimeyaacha yakae tu maana hayadhuru chochote.

Weusi wa chai na kahawa kwenye birika? Sodiamu pakaboneti, ile poda ya kutoa madoa ya nguo isiyo na klorini, maji ya moto, loweka usiku, asubuhi unamwaga na kusuuza vizuri. Hata kusugua husugui.

Wenye mabeseni ya kuogea ya zamani kuweni makini na asidi yoyote ile, iwe hii, siki au limau, enameli nyingi za zamani hazikutengenezwa kuhimili asidi zinafubaa. Jaribu kwenye kona isiyoonekana kwanza. Na TAFADHALI usichanganye na jiki, hiyo ni gesi ya klorini unajitengenezea ndani ya choo chako na dirisha limefungwa. Vaa glavu, na usimwage kwa juu vumbi likakuingia puani.

Nyota nne kwangu. Kwa mistari ya kijivu na kutu ningeipa tano. Ipo ya majimaji pia, kwenye kuta za beseni chukua hiyo, poda inateleza yote chini.