Spika ya chaji kwa ajili ya Misa ya mama: miezi mitano ya kuitumia hapa Wete, Pemba

Mama aliteleza bafuni wakati wa Kwaresima akavunjika nyonga, na tangu hapo hatoki. Kutoka kwetu mpaka kanisani usafiri ni bodaboda, na mgonjwa wa nyonga humpandishi bodaboda. Dominika ya kwanza alilia. Hakulilia maumivu. Amri za Kanisa alizokaririshwa utotoni, huko Unguja alikobatizwa kwenye kanisa la Minara Miwili, zinaanza na kuhudhuria Misa, naye amelala kitandani saa ya Misa. Ilibidi katekista aje amsomee Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2181, panaposema wazi kuwa ugonjwa ni sababu ya haki, sawa na kulea mtoto mchanga. Akamsomea na kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa: asiyeweza kufika anahimizwa sana asali kwa muda wa kutosha, peke yake au na familia. Mama akafuta machozi, akauliza, "Basi tutasali vipi?"

Ndipo nikaenda Chake Chake kutafuta spika.

Duka lenyewe ni la vifaa vya simu. Kijana alianzia shilingi 45,000, tukapatana 38,000. Ina redio, Bluetooth, sehemu ya memori kadi, tochi na kisola kidogo juu. Akaniwashia singeli mpaka kaunta ikatetema. "Sikia besi hiyo, dada." Nikamwomba anitafutie mtu anayezungumza, akaweka taarifa ya habari. Nawasihi wote mnaonunua kwa ajili ya mgonjwa au mzee mfanye hivyo hivyo, kwa sababu muziki hupendeza kwenye spika yoyote. Mama anataka kusikia Injili.

Pamoja na kujaribu kote huko, besi imezidi. Siku ya kwanza niliiweka kwenye godoro karibu na mto, nikidhani namsaidia. Kwaya ilitoka vizuri sana, lakini somo la kwanza lilimezwa lote, tukasikia mvumo tu. Nikaijaribu pembeni mwa ukuta, ikavuma zaidi. Sasa inakaa juu ya kigoda cha mbao, mbali na ukuta, usawa wa sikio lake, na Waraka wa Mtume Paulo anausikia neno kwa neno.

Redio yake ya FM ndani ya chumba inakwaruza, hivyo tunaipokea Radio Maria, redio ya Kikatoliki, kwa intaneti kwenye simu na kuipitisha kwa Bluetooth. Wanaoogopa bando wasiogope: sauti peke yake kwa saa nzima inakula MB 30 hadi 60 hivi. Video ndiyo inayomaliza bando, na mama hana haja nayo, anafumba macho.

Kasoro iliyoniumiza ilitokea wakati wa mageuzo, pale padre anapoweka wakfu mkate na divai. Simu yangu iliita, na mlio wote ukatokea kwenye spika, kwa sauti ya juu. Mama alishtuka mpaka nyonga ikamuuma. Nilijilaumu wiki nzima. Siku hizi laini yenye namba yangu naitoa kabisa, naacha ile ya bando tu ambayo hakuna anayeijua.

Chaji ni nzuri. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na ukikatika huna pa kuukimbilia, lakini spika hii inaongea saa nne bila kuchoka. Sola yake ni dhaifu. Naianika barazani tangu asubuhi, jirani na majamvi ya karafuu, na jioni inanipa kama saa moja tu. Waya wa chaji ulikufa wiki ya pili, kijana akanibadilishia bila maneno, na kwa hilo namshukuru.

Jambo ambalo hakuna duka litakuuzia nilifundishwa na mama. Mwanzoni nilikuwa naosha vyombo huku Misa ikiendelea, nikiamini nasikiliza. Akaniita. "Mwanangu, kanisani unaosha vyombo?" Tangu siku hiyo, kabla sijawasha chochote, natandika kitambaa cheupe mezani, msalaba, mshumaa, na Misale, kitabu cha sala na masomo ya Misa, imefunguliwa kwenye masomo ya siku. Yeye namvisha kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kilemba, namuinua kwa mito miwili. Kwenye sadaka anatoa shilingi 500 chini ya mto na kuitia bakulini, na Jumamosi mwenyekiti wa jumuiya anaipeleka. Wakati wa kukomunika tunasali ile sala ya komunyo ya kiroho, ya asiyeweza kuipokea Komunyo yenyewe, ya Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, polepole, kwa sababu pumzi yake ni fupi.

Sauti naiweka ya kadiri. Nyumba zetu zimegusana, na majirani zetu ni Waislamu. Dominika moja bando liliisha, tukasali kimya kwa kitabu. Haukupita muda, hodi. Bibi wa nyumba ya pili amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Mbona leo kimya, mwanangu? Bibi hajambo?" Alikuwa amezoea kuisikia, na aliposikia kimya akaogopa.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa bei hiyo hiyo, ila ningetafuta yenye kitufe cha kupunguza besi. Kwa vijana wanaotaka kuchezea muziki sina la kusema. Kwa chumba cha mgonjwa inatosha, mradi uipe kigoda na uitoe ile laini inayopigiwa.

Padre anakuja na Komunyo ya wagonjwa anapopata nafasi. Tukisikia pikipiki yake uani, mama huwa hanisubiri. Ananyoosha mkono mwenyewe na kuizima spika.