Pasti ya Cornwall, jibini la Stilton na samaki wa moshi wa Arbroath: naonja vyakula vya Uingereza vyenye kwao

Haya jamani karibuni, leo mezani nina vitu vitatu tu na ntavila mbele yenu kimoja kimoja, maana kwenye komenti kila nikigusa chakula cha huku lazima atokee mtu aseme Waingereza hawajui kupika, wanachemsha viazi wanatia chumvi wameshamaliza. Sibishi sana, kuna kantini za huku ukila unaweza ukamkumbuka bibi yako. Ila wengi mnaofika huku mnakula kitu cha kiwandani kilichobandikwa jina la mkoa fulani, halafu mnausema vibaya ule mkoa. Hivi vyakula vina kwao, na vya kwao ndio nimevitafuta.

Naanza na hii, Cornish pasty, sie tuiite pasti tusichoshane. Inatoka Cornwall, kule kusini magharibi kabisa ambako ukiendelea mbele unaingia baharini. Hebu sogezeni macho muone umbo, kama herufi D, na huu mkunjo umesokotwa pembeni. Ukiona mkunjo umepita juu katikati, hiyo iache, sio ya Cornwall. Na hapa sileti maneno ya kijiweni, ni sheria, tangu 2011 jina limelindwa: lazima iwe imeundwa Cornwall, nyama ya ng'ombe isipungue asilimia 12.5, mboga zisipungue 25, na mboga zenyewe ni viazi, kitunguu na swidi, ile tanipu kubwa yenye rangi ya njano ndani. Chumvi, pilipili manga, basi. Karoti usithubutu, watu wa kule wanakasirika kweli kweli sio utani.

Sasa siri yake ni kwamba vyote vinaingia vibichi, vinaivia humo humo ndani ya unga polepole, kwa hiyo ile supu ya nyama haina pa kwenda inanyonywa na viazi. Naing'ata hivi... mmh. Unga mgumu kidogo kwa nje, ndani laini, na pilipili manga inakuja nyuma taratibu. Tamu jamani. Na inashibisha, hii moja ni chakula cha mchana kizima, nimeinunua kama pauni tano hivi.

Ugumu wa unga una sababu yake. Cornwall ilikuwa nchi ya migodi ya bati na shaba na wachimbaji walishuka nayo chini, kitu unashika mkononi, hakimwagiki, hakihitaji sahani. Kuna hadithi maarufu eti walishika ule mkunjo kwa mikono yenye sumu ya arseniki kisha wakautupa. Mie siiamini hata kidogo, picha za zamani zinaonyesha wachimbaji wameishika ikiwa kwenye kitambaa au karatasi, wanakula kutoka ncha hii hadi ile, na we mwenyewe fikiria, mtu ameponda mwamba tangu alfajiri halafu atupe unga? Miaka ya 1820 wakaanza kwenda Mexico kufanya kazi kwenye migodi ya fedha, wakaenda na mapishi yao, na mpaka leo mji wa Real del Monte unauza pasti, tena wale wametia pilipili kali. Hapo ndipo Mexico wamewapiga bao, maana hii yangu pilipili kali ingeifikisha mbali. Naipa nane kwa kumi. Waislamu wenzangu angalizo, nyama ya ng'ombe haimaanishi halali, na unga mara nyingine unakandwa na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo lebo isome yote.

Cha pili, Stilton. Harufu imeshafika chumba cha pili. Hii mishipa ya bluu mnayoiona ni ukungu wa makusudi, jibini likishakaa wiki kadhaa wanalitoboa kwa sindano za chuma ili hewa iingie ukungu ukue ndani. Kuonja... chumvi, ukali, halafu inayeyuka kama siagi. Wengi wenu hamtaipenda mara ya kwanza, nawaambia ukweli. Ila kichekesho chake ni hiki, Stilton ni kijiji, kipo Cambridgeshire kwenye barabara kuu ya zamani ya kutoka London kwenda kaskazini, wasafiri wa karne ya 18 walilinunua kwenye nyumba za wageni pale ndio jina likashika. Leo sheria inasema Stilton litengenezwe Derbyshire, Leicestershire au Nottinghamshire tu, kwa hiyo kijiji cha Stilton hakiruhusiwi kutengeneza Stilton! Sita kwa kumi, na hiyo sita nimepima na mkate.

Na hapa ndio nawajibu wale wa komenti. Vita vya pili vilipoanza chakula kikagawiwa kwa mgao kuanzia 1940, na mgao haukuisha mpaka 1954, yaani vita vimeisha watu bado wanapimiwa nyama miaka tisa mbele. Maziwa yakaelekezwa kwenye jibini gumu la aina moja, watu wakaliita cheda ya serikali, na majibini mengi ya mikoani yakakaribia kufa. Mtoto aliyekua miaka hiyo angejifunzia wapi mapishi ya bibi yake? Sifa mbaya mnayoisema sehemu kubwa imetoka hapo.

Cha tatu nimekiacha makusudi. Arbroath smokie, kutoka pwani ya mashariki ya Uskochi, najua Waskochi hawapendi tukiwaweka kapu moja na Waingereza. Ni samaki aina ya hadoki, wanamtia chumvi, wanafungwa wawili wawili kwa kamba mkiani, wananing'inizwa juu ya moto wa kuni ngumu kwenye pipa na juu wanafunika magunia yaliyoloweshwa ili moshi usitoke. Utaratibu huu ulianza kijiji cha wavuvi kinaitwa Auchmithie, ndio ukahamia Arbroath, na tangu 2004 smokie naye ana ulinzi wa jina, lazima atengenezwe ndani ya kilomita 8 kutoka ule mji. Jamani. Watu wa Mwanza na Kigoma nyie mtanielewa bila maelezo, ila huyu hajakauka, nyama inaachia mfupa yenyewe, bado ina maji yake. Tisa kwa kumi, ya kumi nimeikata kwa sababu sina ugali hapa.

Ukiwa London na huna nauli ya kuzunguka, Stilton utalipata supamaketi yoyote, smokie wapo wanaowatuma kwa posta wakiwa kwenye plastiki isiyo na hewa, unampasha kwenye ovena na siagi kidogo. Pasti nayo pasha kwenye ovena, maikrowevu inaulegeza unga unakuwa kama kitambaa kibichi, na kabla ya kulipa geuza pakti usome imetengenezwa wapi.