Friwili ya meno 34 kwa mpanda milima aliyevuka hamsini

Baiskeli nyingi za gia za mtumba zinazouzwa Mbeya huja na friwili ya nyuma, yaani seti ya gia za meno zinazozungushwa na cheni, ya meno 14 hadi 28. Ninayoitathmini hapa ina ngazi saba za meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 34. Niliinunua sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa bei iliyo chini ya ile ya tairi moja zuri, na baada ya kuitumia kiangazi kizima katika miinuko yetu, naona kwamba kwa mtu aliyevuka miaka hamsini na ambaye bado anataka kuongeza uwezo, si kuulinda tu, ni vigumu kupata kifaa kingine cha bei hiyo kitakachomfaa zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa gurudumu la inchi 26 na sahani ndogo ya mbele (gia iliyo kwenye pedeli) ya meno 24, friwili ya zamani huisogeza baiskeli takriban mita 1.8 kwa kila mzunguko wa pedeli, ilhali hii huisogeza karibu mita 1.5. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ya kwanza inakudai mwendo wa kilomita 6.4 kwa saa na ya pili kilomita 5.3. Kilomita moja kwa saa inaonekana si kitu, mpaka uwe kwenye barabara ya Chunya, pale inapoanza kuupanda msitu wa Kawetire, ambapo mwenye friwili ya zamani asiyeweza kushika kilomita sita hulazimika kupunguza mizunguko hadi arobaini na kusukuma kila pedeli kwa nguvu ya goti. Vijana wanaoteremka na magunia ya mkaa hawana shida hiyo, maana wao wakipanda hushuka na kusukuma, jambo ambalo ni la busara ingawa si mazoezi ya baiskeli.

Mwinuko wenyewe una mchango wake. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam, na umri nao unapunguza: uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na polepole zaidi kwa anayeendelea kujituma. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka pia, na hayo hata mazoezi hayayarudishi. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna ya kukanyaga.

Hapo ndipo mfano wa Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, unapostahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotazamwa na wanaoutaja kwa kushangaa tu. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja katika uwanja wa ndani; mwaka 2014, akiwa na miaka 102, akafikisha kilomita 26.927. Watafiti waliompima katika kipindi hicho waliona kwamba mapigo yake ya juu ya moyo karibu hayakubadilika, lakini uwezo wake wa kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kilo kwa dakika, na nguvu yake kutoka wati 90 hadi 125, hasa kwa sababu alijifunza kukanyaga haraka zaidi, kutoka mizunguko 69 kwa dakika hadi 90. Asilimia 80 ya mazoezi yake yalikuwa mepesi na asilimia 20 magumu.

Mgawanyo huo hauwezekani katika nyanda za juu bila gia nyepesi ya kutosha, na hii ndiyo hoja yangu kubwa kuhusu friwili hii. Ukiishi kwenye vilima na ukawa na gia nzito, kila safari inakuwa ngumu hata siku uliyokusudia kupumzisha misuli, na mtu mzima anayehitaji muda mrefu zaidi wa kupona hujikuta amechoka wiki nzima bila kuendelea. Sasa naweza kutoka Uyole kupanda kuelekea Isyonje huku nikizungumza na mwenzangu bila kuhema, kisha siku nyingine, kwenye kipande kilekile, nikapanda kwa nguvu dakika nne, nikalegeza, nikarudia. Mifupa, hata hivyo, haitegemei friwili: baiskeli haiibebeshi mzigo wa kutosha, hivyo kuchuchumaa na kunyanyua vitu vizito kunabaki palepale.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Kutoka meno 24 kuruka hadi 34 ni pengo kubwa, kiasi kwamba ukibadili gia umechelewa, miguu huzunguka ovyo na mwendo hufa; inafaa ubadili kabla mlima haujakaza, huku ukilegeza pedeli. Kwenye tambarare ya Usangu pengo hilo halina maana yoyote, na anayeendesha huko tu abaki na ya zamani.

Ufungaji nao unataka fundi mwenye ufunguo wa friwili. Mmoja alitaka kuing'oa ya zamani kwa tindo na nyundo, nikamshukuru na kuondoka. Cheni lazima irefushwe, la sivyo itakaza na kuvunja kifaa cha nyuma kinachoihamisha, na kifaa hicho chenyewe kiwe cha mkono mrefu unaomudu meno 34. Cheni iliyochakaa itateleza kwenye meno mapya: pima vipande 24 kutoka pini hadi pini, ambavyo kwa cheni mpya ni milimita 304.8, na vikizidi 306 nunua nyingine. Kabla ya kulipa, geuza gurudumu lako la nyuma uangalie habu, yaani kitovu chake. Kama haina hesi (mikunjo kama ya skrubu) ya kufungia friwili, hii haitaingia.