Kimita cha kuchomeka kwenye soketi: nilikinunua nimkamate jirani, kikanikamata mimi

Sisi ni wapangaji wanne luku moja (mita ya umeme ya kulipia kabla), huku Tabata, Dar, na kama hujawahi kuishi hivyo basi vita unavisikia tu redioni. Kila mwezi kila mlango unachanga elfu 15, inakua elfu 60, humo inakatwa ile 1,500 ya kodi ya jengo (mpangaji nalipaje kodi ya nyumba ya mwenzangu, ukimwambia baba mwenye nyumba aitoe kwenye kodi ya chumba anacheka tu), inayobaki inatupa uniti kama 164, halafu ikifika tarehe 26, 27 hivi luku inaanza kulia tiii tiii tiii na hapo kikao kinaanza uani bila mwenyekiti wala ajenda.

Mshtakiwa miaka yote alikua mmoja tu, mama wa chumba cha mbele anaeuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, ana friza lile la kulala. Akipita na ndoo yake watu wanakohoa. Na mimi nilikua mstari wa mbele jaman sitaki kudanganya, mimi ndio nilietoa hoja achange elfu 25 peke yake, ndio nikaona kuliko kubishana nitafute ushahidi.

Basi nikaenda Kariakoo mtaa wa Aggrey nikapata hiki kimita, kidude cha kuchomeka kwenye soketi halafu kifaa chako unakichomeka juu yake, kinakuonyesha kinakula wati ngapi sasa hivi na kimeshakula uniti ngapi tangu ukiweke. Muuzaji aliniambia elfu 35, nikaaga, nikaitwa, nikalipa 28.

Nianze na ubaya wake maana ndio unaouma kwanza. Nilichopewa ni cha pini mbili za duara, soketi zetu za pini tatu bapa, muuzaji akanipa na adapta bure nikajiona mjanja. Siku nimechomeka birika la umeme la wati 2000, dakika ya tatu nasikia harufu ya plastiki, nashika adapta ni ya moto kama kitumbua. Kimita kilikua hakina shida, adapta ndio ilikua imelegea ndani, na kitu kikilegea halafu umeme mwingi ukapita lazima kichemke. Nikarudi kubadilisha nikaongeza elfu 5 nikapata cha pini tatu bapa moja kwa moja. Wewe chukua hicho toka mwanzo, hata kama wa pini mbili anakupunguzia bei, hasa kama utapima pasi, birika au hita.

Ubaya wa pili kioo hakina taa, na soketi ya friji kila nyumba iko nyuma ya friji, kwahiyo unapiga magoti na tochi ya simu kama unatafuta panya. Na ndani kina vibetri vidogo vya kitufe vya kutunza kumbukumbu, vikiisha umeme ukikatika dakika moja tu hesabu yote inafutika unaanza upya. Mimi nilipoteza siku mbili za friji hivyo, na umeme wenyewe ulikatika jioni nikiwa natamani kufunga hesabu, niliongea peke yangu. Kubadili vibetri ni buku mbili tu ila lazima ujue vipo, kikaratasi chake ni kichina mwanzo mwisho.

Sasa kuhusu ukweli wa namba zake. Nilitaka kujua kisije kua kinanidanganya, nikasubiri jumapili wenzangu wapo kanisani na mama wa barafu kaenda kwenye shughuli Mbagala, nikazima kila kitu ndani kwangu, vya wenzangu nilikua nimeshaomba wazime, nikachemsha birika limejaa la lita 1.7. Pale kwenye luku kuna kitaa chekundu kinapepesa, pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1000 ndio uniti moja imeenda. Nikamweka mtoto ahesabu kwa sauti. Akapata 186, kimita kikasoma 0.18. Hapo nikakiamini.

Na hapo hapo nikajiona boya kidogo, maana kama luku ni yako peke yako unaweza kupima vitu vikubwa bure kabisa kwa hicho kitaa, unazima vingine unaacha kimoja unahesabu, soma tu imeandikwa imp ngapi maana mita hazifanani. Mwenye luku yake binafsi na anataka kujua hita na pasi tu asinunue hii kitu, pesa akaweke uniti. Ila friji huwezi kulipima kwa kuhesabu kitaa, labda uwe huna kazi, maana friji linawaka linazima, ukilichungulia sasa hivi linasoma wati 140 baada ya dakika kumi linasoma sifuri, lazima uache siku nzima masaa 24 ndio ujue. Kwenye friji ndio kimita kinalipa hela yake.

Haya twende kwenye kesi. Friza la mama wa barafu, alikubali mwenyewe tena akaniletea kigoda, siku tatu mfululizo, wastani uniti 1.7 kwa siku. Nikaona mmh, hizo ni kama uniti 51 kwa mwezi, elfu 18 na kitu, si haba. Nikaandika kwenye daftari kwa furaha.

Nikahamia kwangu. Friji langu la milango miwili, la mtumba kutoka Zanzibar, nalipenda sana. Siku ya kwanza 2.1. Nikasema kuna makosa. Siku ya pili 2.2. Siku ya tatu 2.1. Yani friji la mtu mmoja na mke na watoto wawili linakula kuliko friza la biashara. Nilikaa na hilo daftari siku nzima sijamwambia mtu, mama watoto ndio akaliona mezani akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi alikuja akachukua noti ya elfu moja akaiweka mlangoni akafunga friji, akaivuta kwa kidole kimoja ikatoka kama haijashikwa. Raba ya mlango imekufa. Kumbe baridi inavuja usiku na mchana na joto la Dar linaingia na unyevu wake, ule unyevu unaganda kule juu kwenye frizi, na barafu ikishakua nene kama godoro mota inahangaika bila kupumzika. Na nililibana ukutani kabisa, pembeni kuna jiko la gesi, ile mivyuma ya nyuma inayotoa joto haina pa kupumulia, imejaa vumbi na utando. Raba mpya na ufundi ikanitoka 30, tukayeyusha barafu (kwa maji ya moto kwenye sufuria, msichokoe na kisu mtatoboa gesi itoke, mwenzangu mmoja kishamaliza friji hivyo), tukasugua nyuma, tukalivuta kiganja kimoja na nusu toka ukutani, namba ya ubaridi nikatoa 5 nikaweka 3. Nikapima tena. 1.3. Uniti 0.8 kila siku nilikua natupa, mwezi mzima ni 24, kwa bei yetu elfu 8 na mia tano, na nimeishi hivyo si chini ya mwaka nikimkoholea mama wa watu.

Mwingine alieumbuka ni dogo wa chumba cha mwisho na hita yake ya kuzamisha kwenye ndoo. Anachomeka alfajiri anarudi kulala. Siku tuliyompima akiwa kasahau ndoo ya lita 15 imeenda 0.94, yani mtu kaoga maji ya shilingi 330, na hata hakuyaoga yakiwa ya moto aliyaacha yapoe. Siku aliyosimama pale akazima yalipopata uvuguvugu, 0.35. Ni ndoo ile ile. Ndio maana sasa ana alamu ya dakika 14 kwenye simu. Na jaman hita izimwe kwenye soketi KWANZA ndio uguse maji, hili sio la kubana matumizi hili ni la kuishi.

Kuna waliosingiziwa pia. Jiko la presha la umeme la mama watoto lilikua linasemwa sana pale uani, ati wati 1000 litatumaliza. Maharage nusu kilo ambayo hayajalowekwa yalikula 0.48, yaliyolowekwa usiku 0.36, ni kama shilingi 130, maana likishapata presha linajizima na kuwaka kidogo kidogo, halikai kwenye wati 1000 muda wote. Mkaa wa bei hiyo huwashi hata chai. Ila usiliache kwenye ile ya kutunza joto mpaka jioni, linakunywa polepole. Chaja za simu nazo, kuna mzee wetu akipita anachomoa chaja za watu ukutani, chaja isiyo na simu kimita kinasoma sifuri, ingawa nikiri vimita hivi vya bei hii wati moja au mbili havivioni vizuri. Alichokua anakiacha yeye ni king'amuzi. TV kazima, king'amuzi kinasoma wati 9, na ukikizima kwa rimoti kinasoma wati 8! Usiku na mchana, uniti 6 kwa mwezi hivi zinaenda hakuna anaeangalia. Sasa anachomoa cha kwake, chaja za watu ameziacha.

Kitu kingine ambacho kimita hakitibu: tarifu. Kwa watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi bei ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato, wa kawaida ni 292, ukijumlisha makato inafika kama 356. Sisi wanne ukigawa uniti 164 hakuna anaefika 75 peke yake, hata mama na friza lake, ila kwakua luku ni moja mita inatuona kama mtu mmoja mlafi. Tumemwambia baba mwenye nyumba aingize mita nyingine, amesema tutaongea.

Nakipa 7 kwa 10. Nimekata mbili kwa giza la kioo na vibetri, moja kwa ile adapta ingawa sio kosa lake. Elfu 33 jumla na raba 30, elfu 8 na nusu kila mwezi, hesabu fanya mwenyewe. Mwezi uliopita luku ilifika tarehe 31 ina uniti 9, kikao hakikuwepo, watu walikua hawajui waongee nini. Mama wa barafu nilimuomba radhi mbele ya wote, akanipa barafu ya ukwaju na kunitoza mia mbili kama kawaida.

Kimita chenyewe sasa hivi siko nacho, kimeazimwa nyumba ya pili tangu jumapili, nao wana luku moja wapangaji sita. Nimewapa na vibetri vipya.