The Clean, Anthology: rekodi za mwanzo zinazostahili masikio yako

Karibuni watazamaji. Leo mezani tuna Anthology, mkusanyiko wa nyimbo za bendi ya roki The Clean, CD mbili zilizotolewa na Merge Records ya Marekani mwaka 2003. Kama bendi hii huijui, wala usijilaumu. Walikuwa vijana wa Dunedin, New Zealand: ndugu wawili, Hamish Kilgour kwenye drams na David kwenye gita, walianza 1978, baadaye Robert Scott akashika besi. Kwao walipanda chati. Huku nje waliowajua zaidi ni wanamuziki wenzao, bendi za Marekani Pavement na Yo La Tengo zikiwamo.

Wengi huweka CD ya kwanza, wakasikia Tally Ho!, wakadhani spika imeharibika. Spika yako ni nzima. Wimbo huo ulirekodiwa 1981 kwa gharama isiyozidi dola 60 za New Zealand, na kinanda anachopiga Martin Phillipps wa The Chills kimewekwa juu mno hata gita linazama. Ni wimbo mtamu, lakini kwa kuijua bendi usianzie hapo.

Anzia nyimbo tano za Boodle Boodle Boodle, EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya mwaka huohuo iliyofika namba 5 kwao. Chris Knox na Doug Hood waliirekodi kwa mashine ya tepu ya TEAC ya treki nne tu, yaani njia nne za kurekodia sauti. Ukiwa na treki nne, ukitaka kuongeza sauti ya tano ni lazima uunganishe mbili ziwe moja, na ukishaunganisha huwezi kurudi nyuma: kama gita limezidi, limezidi milele. Kila ukiunganisha, mvumo wa tepu nao unaongezeka. Ndiyo maana bendi ya namna hii huamua mapema nini kisikike. Sikiliza Point That Thing Somewhere Else: drams hazibadiliki, besi inazunguka palepale, David anapewa uwanja wote. Kwangu huo ndio wimbo unaolipia kifurushi kizima.

Sasa mipangilio. Zima kitufe cha kuongeza besi, maana humu besi ya chini kabisa ni kidogo. Ukiilazimisha unapata ngurumo tu. Ikwalaiza iache katikati. Gita likikuchoma masikio, punguza desibeli 2 au 3 kwenye eneo la kilohezi 4 hadi 6, basi. Usitumie programu ya kuondoa mvumo, kwa sababu mvumo na matoazi (vile visahani vya shaba vya drams) viko eneo moja. Utafuta vyote, drams zibaki kama maboksi. Na spika ndogo za bluetooth hapana, tumia hata hedifoni za waya za bei ya kawaida.

Wapenzi wa santuri, Merge waliirudisha Anthology mwaka 2014 kwa santuri nne. Ukitafuta santuri za kwanza za Flying Nun, lebo yao ya New Zealand, namba ya Tally Ho! ni FN002 na ya Boodle ni FN003. Kagua pia maandishi yaliyochorwa kwenye santuri yenyewe, karibu na karatasi ya katikati, yalingane na namba ya kwenye jalada, maana majalada hubadilishwa. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya eneo hilo, achana naye.

Odditties, mkusanyiko wao mwingine, ilitoka kwanza kwa kaseti, 1983. Ukiipata na sauti ni ya kufifia, usikimbilie kulaumu tepu. Mara nyingi kichwa cha redio kaseti kimekaa upande: safisha kwa pamba na spiriti, kisha zungusha skrubu ndogo ya pembeni taratibu, robo mzunguko au chini, huku ukisikiliza matoazi. Yakichangamka, simama hapo. Weka alama mahali skrubu ilipokuwa kabla hujagusa, uirudishe ukimaliza, la sivyo kaseti zako nyingine zote zitafifia.

CD ya pili ina kazi za baadaye, kuanzia albamu ya Vehicle ya 1990. Safi zaidi, laini zaidi, na kwangu mimi ni za kusikiliza ukiwa unapika.