Pikapu za gita kwa wapiga slaidi: chunguza uzi wa tatu kabla ya kutoa pesa

Nikisema pikapu simaanishi gari la kubeba miwa kutoka Muhoroni. Nasema kile kidude cha sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi za gita la umeme. Nafafanua kwa sababu siku ya kwanza nilipomwambia fundi wangu wa redio pale Kibuye, Kisumu, kwamba nataka kubadilisha pikapu, aliniuliza, "Dada, ya mwaka gani?"

Mwaka jana nilinunua seti ya pikapu tatu kwa shilingi 7,500 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliye Nairobi. Tangazo lilisema ni za kizamani halisi. Zikaja na basi la usiku, fundi akazichomea kwenye gita langu la umbo la Stratocaster, lile gita maarufu la kampuni ya Fender, nikaenda nyumbani mbio. Nikatyuni D wazi, yaani nyuzi zikiachwa bila kubanwa zinatoa D A D F# A D, nikavaa slaidi ya kioo, kile kibomba cha kidoleni kinachoteleza juu ya nyuzi bila kuzibana kwenye freti, vile vyuma vya shingo ya gita, nikacharaza. Uzi wa tatu ukapiga kelele kama makanga wa Kondele, na zile nyuzi nyingine tano zikanong'ona tu.

Nilidhani ni ampu, kile kikuza sauti cha gita. Nikabadilisha nyuzi, nikashusha pikapu, nikaiinamisha upande mmoja, wapi. Ndipo nikaweka ukingo wa kadi ya benki juu ya vile vichwa sita vya sumaku, nikatazama mwanga unapita wapi. Havikuwa sawa. Kichwa cha uzi wa tatu kimechomoza, cha uzi wa pili kimezama.

Hapo hakuna kosa la kiwanda. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, uzi wa tatu ulikuwa mnene, umezungushiwa waya, na sauti yake kwenye pikapu ilikuwa hafifu, kwa hiyo sumaku yake ikainuliwa. Siku hizi uzi huo ni chuma kitupu na una sauti kubwa, lakini pikapu za mtindo wa kizamani bado zimeinuliwa palepale. Anayepiga benga kwa vidole anaweza kuishi na hilo. Mpiga slaidi hawezi. Kwenye D wazi, uzi wa tatu ni F#, noti inayoamua kama kodi (chord, siyo ya nyumba) inacheka au inalia, na slaidi haina freti ya kukuokoa. Ukipitiliza kidogo tu, uzi uliopaazwa hivyo unakutangaza mpaka nje ya ukumbi. Kwenye G wazi uzi huo ni G yenyewe, basi aibu inapungua, ingawa kelele iko palepale.

Mtu akianza kukuhesabia ohm, yaani ukinzani wa waya, na aina za sumaku, mnunulie chai, umsikilize, kisha umuulize kimo cha vichwa.

Kwangu namba moja ni pikapu aina ya P-90, na sitaficha kwamba napenda za kampuni ya Seymour Duncan. P-90 ilianzia kwa kampuni ya magita ya Gibson mwaka 1946, na vichwa vyake ni skrubu. Uzi wa tatu ukikushinda unachukua bisibisi, unazungusha kile kichwa kimoja robo, unasikiliza, unazungusha tena. Mimi hufanya hivyo slaidi ikiwa freti ya 12, nikigusa kila uzi kwa nguvu ileile huku nimefumba macho. Kama gita lako lina matundu ya hambaka, yaani pikapu pana ya koili mbili zinazozima mngurumo, Seymour Duncan wanayo Phat Cat, ambayo ni P-90 ndani ya umbo la hambaka, inaingia bila kuchonga mbao. Sauti yake ni nene, ina mikwaruzo kidogo, inaimba. Ubaya wake ni mngurumo wa umeme, na kwa slaidi ya kioo utausikia zaidi: kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo mkono wa kushoto ukiwa haugusi nyuzi, hakuna wa kuunyamazisha ila ule wa kulia.

Kwa anayepigia kwenye kumbi za jenereta, au kanisani ambako waya zimeunganishwa na kamati, achukue hambaka. Seymour Duncan '59 inatosha. Safu moja ya vichwa ina skrubu, nyingine haina, kwa hiyo marekebisho yake ni nusu, lakini iko kimya. Mmarekani Derek Trucks anapigia slaidi Gibson SG yenye hambaka, na sijasikia mtu akimlalamikia.

Mwenye Stratocaster asiyetaka kubadilisha sura ya gita atafute SSL-2 ya Seymour Duncan, ambayo vichwa vyake ni bapa, vimelingana. Asinunue SSL-1, ni ileile yenye vichwa vya kupanda na kushuka. Namba moja tu ndiyo inazitofautisha, na dukani hakuna atakayekuonya.

Zile pikapu zenye karatasi ya rangi ya dhahabu usoni (gold foil) zimepata umaarufu kwa sababu ya mpiga slaidi Ry Cooder. Nzuri, ila nyingi hazikuzamishwa kwenye nta, zinanasa kila kugonga kwa slaidi kwenye freti. Kwetu magharibi chupa ya Fanta iligongwa kama ala kwenye omutibo, ule mtindo wa gita la vidole wa akina George Mukabi, lakini hapa unataka ikae kimya.

Za bei ya chini zisizo na jina: nyingi vichwa vyake ni bapa. Hilo tu ndilo jema nililo nalo la kusema.

Kama tayari umeshanaswa kama mimi, kuna dawa. Weka uzi wa tatu uliozungushiwa waya, wa unene wa inchi 0.020 hivi. Slaidi haivuti nyuzi, kwa hiyo unene hautakusumbua, na sumaku ile iliyoinuliwa itakuwa imepata mwenzake. Usichukue wa gita kavu, shaba yake sumaku haiijui. Tatizo ni kuupata. Nimezunguka Oginga Odinga Street mchana mzima nikiambiwa "hii tu, namba tisa, ndiyo watu wanapenda," yaani seti ya nyuzi nyembamba.

Na msisukume sumaku chini kwa kidole. Mimi nilisukuma. Kwenye pikapu za aina hii waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na waya huo ni mwembamba kuliko unywele. Ilitoa mlio mdogo, tik, ikafa. Muuzaji akanijibu kwamba mali ikiuzwa hairudi. Sawa, niliivunja mwenyewe. Lakini nilimwomba picha ya ubavuni kabla ya kununua, akanitumia ya juu, na bei yenyewe ilikuwa "njoo inboksi". Kwa nini bei ya kitu cha dukani iwe siri kama mahari?

Mbili zilizobaki ni nzima. Anayepiga kwa vidole na asiyejali uzi wa tatu, nauza zote mbili 3,000, na picha ya ubavuni nitamtumia.